Nilivyomtunza Mpiga Zeze wa Manchester

Nina hasira za karibu. Watu wa Ngulyati wanalijua hilo, na waliponichagua niongoze kikundi chetu cha kufuma vitambaa, mama mmoja alisema waziwazi kwamba wananipa uongozi ili nikagombane na watu wa nje, wao wapate kupumua. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kidogo kuliko wenzangu.

Kikundi chenyewe ni cha wanawake tu. Pamba tunalima wenyewe, tunasokota nyuzi kwa mkono, tunazipika na majani na magome ya miti zipate rangi, kisha tunafuma mitandio kwenye mitambo ya mbao iliyopangwa bandani, nyuma ya nyumba yangu. Kwa muda mrefu duka moja la Dar es Salaam lilikuwa likichukua kila tulichofuma. Halafu mwenye duka akafunga, akaenda zake kuuza simu. Mitandio ikaanza kurundikana kwenye magunia chumbani kwangu, hadi mume wangu akauliza kama sasa sisi wawili ndio tunaotakiwa kuhama. Fundi seremala aliyetutengenezea mitambo naye akawa haishi kupita pale bandani. Anapapasa mbao, anauliza kwa upole tutaiuza lini, maana mbao zile zingetoa milango mizuri.

Tukakubaliana kikaoni: msimu wa pamba ukiisha bila kupata mnunuzi, fundi aje achukue mitambo, na kila mtu arudi kwenye jembe lake. Wenzangu walilisema hilo kwa utulivu, kama watu wanaopanga siku ya kupalilia. Mimi niliumia. Bandani pale ndipo wanawake wale walipoanza kushika hela yao bila kumwomba mtu, na mimi ndiye niliyewaita waje, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Mitambo ikiondoka ningetazamana nao vipi kanisani?

Bahati ikaja kwa njia ya Lamadi. Kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akitoka Serengeti alinunua mtandio wetu kando ya barabara, akampelekea mama yake zawadi. Mama huyo, mkazi wa Manchester, akaenda nao kwa mfanyabiashara wa vitambaa kumwuliza umefumwaje. Mfanyabiashara akanitafuta hadi akanipata. Alitaka tuende watu wawili, anayejua kusokota na anayejua Kiingereza, tukae naye siku chache, aione kazi, kisha atoe jibu. Nauli juu yake, malazi juu yake.

Anayejua Kiingereza ni mimi, kwa kuwa niliwahi kupokea wageni kwenye ofisi moja pale Bariadi mjini kabla sijakorofishana na bosi. Anayejua kusokota kuliko wote ni shangazi yangu, dada yake marehemu baba, mwanamke wa Migato mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usiofungwa. Kiswahili anakisema akitaka. Akichoka anarudi kwenye Kisukuma, na dunia nzima itajua yenyewe.

Kumkemea shangazi si adabu, kwa hiyo safari nzima nilimkemea kwa kumsihi. Tafadhali shangazi, kule usimsalimie kila mtu njiani. Tafadhali shangazi, michembe, vile viazi vyako vikavu, tuiache nyumbani, kule kuna chakula. Alinisikiliza vizuri kabisa, na tulipofika Manchester nikaikuta michembe imejaa kwenye begi langu.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati kwetu ardhi imekauka na watu wamejipanga kwenye mizani ya pamba. Kule kulikuwa na mvua. Si mvua ya kwetu inayokuja na fujo zake, ikapiga, ikaondoka. Ile ilinyunyiza tu kutwa nzima, kama mtu anayemwagilia mchicha, na hakuna aliyeikimbia. Shangazi alisimama mlangoni mwa hoteli akisubiri iishe. Nikamwambia tutasimama pale hadi Krismasi.

Jioni ya kwanza tuligombana kwa sababu ya jua. Mvua ilikatika, jua likatoka, na saa tatu ya usiku bado lilikuwa linawaka kwenye matofali mekundu ya majengo. Shangazi akakataa kula.

"Chakula cha usiku kipi, na huu ni mchana?"

Nikamwonesha saa. Akasema saa yangu imechanganyikiwa na ndege.

Tukatoka kutembea ili apate njaa. Ilikuwa Ijumaa, na mji mzima ulikuwa barabarani. Muziki ulitoka kila mlango. Wasichana walipita katika baridi ile na vinguo ambavyo kwetu ungevianika nyuma ya nyumba, viatu mkononi, wamekumbatiana, wanaimba. Shangazi aliwatazama kwa huruma kubwa, akaniuliza hawa watoto wamefukuzwa na nani. Nikamwambia hawajafukuzwa, wanastarehe. Tukapita baa moja, tukakuta watu wamejazana nje wamesimama na glasi zao, na ndani viti vitupu. Hilo ndilo lililomshinda kabisa. Alirudi nyuma kuhakikisha kwamba viti ni vizima.

Na kila aliyetuhudumia alituita mpenzi. Mama wa tikiti kwenye treni ya mjini, kijana wa chipsi, mzee wa mapokezi hotelini. Nilipomtafsiria shangazi, alifurahi mno. Akawa anawajibu kwa salamu yetu ya jioni, "Mwadila," na goti anapiga kidogo, na wenyewe wanaganda na chenji mkononi wasijue wafanye nini. Nikamsihi tena. "Shangazi, utatuharibia." Huo ndio ukawa wimbo wangu wa safari.

Kesho yake tukaenda dukani. Mfanyabiashara alikuwa mwanaume mrefu, mwembamba, wa umri wa kuitwa baba mkubwa, amevaa sweta lililotoboka kiwiko. Mtu anauza vitambaa mji mzima na kiwiko kiko nje! Duka lilikuwa chini ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha nyuzi, na alituambia babu yake alifanya kazi humohumo. Akachukua mtandio wetu, akaupeleka dirishani. Akaunyoosha, akaunusa, akauvuta huku na huku, akageuza pindo. Roho yangu ilikuwa mkononi. Kwetu mtu akikipenda kitu husema, hata kama anataka apunguziwe bei. Atasema kizuri, lakini. Huyu alisema, "Mhm." Akachukua wa pili. "Mhm." Kisha akaikunja yote vizuri kuliko tulivyokuwa tumeikunja sisi, akasema sasa tunywe chai.

Baada ya chai shangazi akatoa pamba yake na kijiti chake, akaanza kusokota. Watu wa dukani wakaacha kazi wakamzunguka. Uzi ulimtoka vidoleni mwembamba, sawasawa, huku yeye anaangalia picha za ukutani. Mfanyabiashara aliinama karibu sana, akatazama vidole vile muda mrefu. Nikasubiri neno. Alisema ahsante sana, akatupa ratiba ya siku zote zilizobaki: makumbusho, muziki, mazungumzo ya kazi, na jioni ya mwisho vinywaji kando ya mfereji. Chini kabisa, baada ya vinywaji, ndipo palipoandikwa kwamba atatoa jibu.

Jioni simu ikaita kutoka Ngulyati. Walikuwa wamekusanyika wote, nawasikia wanavyosukumana.

"Kasemaje?"

"Kasema mhm."

Wakaguna kwa pamoja, na mimi nikaguna nao.

Makumbusho yalikuwa ya mashine za pamba. Mzee mmoja aliwasha mtambo mmoja tu, sakafu ikatetemeka, shangazi akaziba masikio akicheka. Mzee akaeleza kwamba zamani vyumba vizima vilijaa mitambo kama ile, na wanawake walioifanyia kazi walikuwa wakiongea kwa kusomana midomo kwa sababu hakuna sauti iliyosikika. Nilipomtafsiria, shangazi aliacha kucheka. Akaenda kwenye picha za ukutani, akasimama mbele ya mwanamke mmoja aliyejitanda kichwani, akamwambia, "Pole, mayu," yaani mama. Kisha, kabla sijawahi kumzuia, akapenyeza mkono kwenye robota la pamba lililowekwa kwa maonesho, akanyofoa kidogo, akaivuta, akatangaza kwamba ya kwetu ni ndefu zaidi. Nikamvuta mkono. Mlinzi alikuwa anakuja. Utatuharibia, shangazi.

Jioni ileile mfanyabiashara akaja kutupeleka kwenye muziki. Safari hii sweta halikuwepo. Alivaa koti na tai, nywele kazilaza kwa maji, na alikuwa na wasiwasi. Mara anarekebisha tai, mara anatazama saa na tumewahi. Nikajua ni sisi tunaomtia wasiwasi, anaogopa tutamwaibisha mbele ya watu wake, nikakasirika kimoyomoyo. Hasira nikaimalizia kwa shangazi. Nikamwambia ndani kule ni kimya. Hakuna vigelegele. Hakuna kuinuka.

"Hata kumtunza anayecheza vizuri?"

"Hata kumtunza."

"Sasa atajuaje kwamba amecheza vizuri?"

"Watapiga makofi mwisho."

"Mwisho atakuwa ameshachoka," shangazi akasema, akaketi.

Kwetu, ngoma zikichezwa baada ya mavuno, mtu akikuchoma moyo kwa wimbo wake au kwa mguu wake, hukai ukamtazama. Unaingia uwanjani kwa kucheza, kutembea hapana, na unambandika noti kwenye paji la uso, jasho linaishika. Yale si malipo. Unamwambia mbele ya wote kwamba umemwona. Mchezaji asiyetunzwa na hata mtu mmoja huenda kulala akijiuliza amekosa nini.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia, na watu walikohoa wakati wa mapumziko tu, kama waliopangiana zamu. Kwanza lilipiga kundi kubwa, nikasinzia kidogo. Kisha akatoka binti peke yake, gauni jeusi lisilo na pambo, amebeba zeze. Naliita zeze kwa kuwa sina jina jingine. Ni kubwa kama gunia la mpunga, lina nyuzi nne, na unalikumbatia kwa magoti. Pembeni yangu mfanyabiashara alikamata magoti yake kwa mikono miwili. Binti akainamisha kichwa, akaanza.

Sijui kueleza muziki. Najua kwamba ulianza chini, ukapanda polepole, na ulipofika juu ulinikuta nilipo. Nilimkumbuka baba akiita ng'ombe jioni, sauti yake ikivuka mbuga. Machozi yakaanza kunitoka bila sababu yoyote ya maana. Nilikuwa nimeshika ncha ya khanga ya shangazi asije akainuka, na naapa niliishika kwa nguvu zote. Ni mimi niliyeinuka.

Nakumbuka miguu ya watu niliyoikanyaga, na wenye miguu wakiniomba radhi mimi. Namkumbuka kijana wa ukumbini aliyenyoosha mkono kunizuia, kisha akaurudisha, labda alidhani nimo kwenye ratiba. Nilipanda ngazi za jukwaa nikicheza, mabega yanakwenda, noti mkononi, nikambandika yule binti katikati ya paji la uso. Alikuwa na jasho jingi, ikashika vizuri. Macho yakamtoka. Lakini mkono wake haukuteleza hata kidogo. Aliendelea kupiga na noti yake usoni, na hapo nikampenda kabisa. Kutoka gizani kikapanda kigelegele cha shangazi, kirefu, cha Migato hasa.

Halafu nikaona niko wapi. Ukumbi ulikuwa kimya, na hakikuwa kile kimya cha mwanzo. Nilishuka kwa kutembea, viatu vinasikika hatua kwa hatua. Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wanasoma karatasi zao za ratiba gizani. Mfanyabiashara alikuwa ameinama, masikio mekundu. Nikaketi, nikatamani sakafu ifunguke.

"Umecheza vizuri," shangazi akaninong'oneza, "ila mguu wa kushoto umechelewa."

Kwenye gari mfanyabiashara alizungumzia mvua. Alituzungumzia mvua hadi mlangoni mwa hoteli, akatutakia usiku mwema. Nilijua nimeiuza mitambo yetu kwa fundi seremala kwa mikono yangu mwenyewe, baada ya kumsihi mama wa watu safari nzima asituharibie. Simu ya nyumbani ilipoita sikuweza kuipokea. Alipokea shangazi, akawaambia tumetoka ngomani na mambo ni mazuri.

Asubuhi nilikwenda dukani nimejiandaa kuomba msamaha, jambo ambalo mume wangu angelipa kiingilio kulitazama. Sikupewa nafasi. Mfanyabiashara, kwenye sweta lake la siku zote, alianza na kazi moja kwa moja. Pindo za mitandio kadhaa zimepinda, akatuonesha kwa rula. Rangi ya bluu inatofautiana kati ya mmoja na mwingine. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

"Anasema pindo zimepinda."

"Mwambie na mgongo uliozifuma umepinda."

Sikumwambia. Yeye akafunga rula yake, akasita, akavuta droo. Akatoa bahasha, akaiweka mbele yangu. Ndani ilikuwa noti yangu ya jana.

"Ameomba nikurudishie," akasema kwa upole. "Anashukuru sana, lakini anaona si haki aichukue."

Hapo, ndugu msomaji, hasira zilifika kabla yangu. Tunzo hairudishwi. Ukiirudisha unamwambia mwenzio hukumtaka kwenye uwanja wako. Nikasahau mitambo, nikasahau pindo, nikasahau fundi na milango yake. Niliisukuma ile bahasha ikateleza mezani hadi kifuani kwake.

"Mwambie aje anirudishie mwenyewe," nikasema. "Huyo binti hana baba? Baba yake angemfundisha."

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya sweta, upande mmoja, kisha wa pili.

"Baba yake ni mimi," akasema.

Shangazi akaniuliza kuna nini, mbona nimeacha kupumua. Nikamtafsiria. Hakushtuka hata kidogo. Uso ulimwangaza. Akainuka, akamshika yule mwanaume mkono kwa mikono yake miwili, akampongeza kwa Kisukuma kirefu kwa kuzaa mtoto wa namna ile. "Wabeja, baba, wabeja sana," ahsante baba, ahsante sana. Akaketi. Kisha akataka nimwulize: yeye, baba mtu, alimpa nini mwanawe jana?

Sikutaka kuuliza. Shangazi akanifinya, nikauliza.

Akasema alipokwisha kutushusha hotelini alirudi kumchukua, na kwenye gari alimwambia kazi nzuri.

"Mbele ya nani?" shangazi akauliza.

Walikuwa wawili tu, akasema. Nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia. Akasema amehudhuria kila mahali mwanawe alikopiga tangu akiwa mdogo, na kila mara akitoka pale kifua kimejaa, kinachomtoka mdomoni ni kidogo, kisha wanaongelea hali ya hewa. Alikuwa anauambia mtandio uliokuwa mezani, mimi hakunitazama. Nikamwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga. Nikamwelewa pia yule wa jana mwenye tai na nywele za maji. Hakuwa amejipamba kwa ajili yetu.

"Inafanywaje?" akauliza mwishowe. "Ile ya kwenye paji."

Shangazi hakungoja tafsiri. Akasimama katikati ya duka, kati ya marundo ya vitambaa, akamfundisha. Akamwonesha bega. Akamwonesha mguu. Mimi niliwekwa niwe paji la uso. Mara ya kwanza alinibandika puani. Alipotaka kutumia ile noti ya bahasha nikamkatalia, nikamwambia ile tayari ni ya binti, ya baba hutoka mfukoni kwa baba. Wafanyakazi wake walikuwa wanachungulia kutoka nyuma ya rafu, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka shangazi alipocheka. Tulitoka pale bila kujua kama tumeuza au tumefukuzwa.

Jioni ya mwisho tukaenda kando ya mfereji, kwenye baa iliyokuwa zamani ghala la pamba. Jua lilikuwa juu bado, maji yametulia, bata wanapita na watoto wao. Binti alikuwepo na wenzake wawili, mmoja wa filimbi na mmoja wa gitaa, wanapiga nyimbo za kuchezesha. Ile huzuni ya ukumbini alikuwa ameiacha nyumbani. Aliponiona aliweka zeze lake chini, akaja kunikumbatia. Akasema noti anayo, baba yake amemweleza, hairudi tena. Aliongea haraka na kwa mikono miwili, hakufanana na mzee wake hata kidogo.

Tukaketi. Mfanyabiashara akaagiza vinywaji, akatueleza habari za bata. Mimi soda yangu sikuionja. Nilijua kule nyumbani ni usiku na hawajalala. Nilijua wako kwangu, simu wameiweka katikati ya mkeka, wanaitazama. Na huyu bwana anaeleza bata wanakula nini.

Ghafla akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Watu wote wakageuka. Angeweza kukiokota akaketi. Nilimwona akilifikiria hilo. Kisha akaenda. Alicheza kama mtu anayevuka jaruba la mpunga na viatu vya harusi, magoti juu, mikono haijui ikae wapi, na watu wakampisha wakidhani amelewa. Alipofika mbele ya mwanawe, noti ilikuwa imekunjamana ngumini. Akainyoosha kwenye paja lake, palepale mbele ya watu, akambandika. Haikushika, maana jioni ilikuwa ya baridi na binti hakuwa na jasho. Ikabidi aishikilie kwa kiganja. Binti akaacha kupiga. Filimbi na gitaa vikaendelea peke yao. Baba na mwana walisimama hivyo, kiganja kwenye paji kama anayempima homa, na binti akafumba macho.

Shangazi alipiga kigelegele. Baa nzima ikajaribu kumwitikia, vibaya mno.

Mfanyabiashara aliporudi mezani alikuwa anahema. Akanywa glasi yake yote. Halafu akaniambia, kwa pumzi moja, kwamba anachukua mitandio yote tuliyonayo, iliyopinda pindo watu wake wataishona, na kwamba kila mavuno atachukua tutakachofuma, mradi tunyooshe pindo na rangi zifanane. Nilimwuliza ameamua lini.

"Siku ya kwanza. Niliposhika ule wa kwanza."

"Siku ya kwanza! Na hukusema?"

Akashangaa kwa dhati. "Ratiba ilisema leo."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikamkumbatia, naye akasimama wima kama nguzo ya umeme mpaka nilipomaliza.

Nikaenda ukingoni mwa mfereji kupiga simu. Ilipokelewa kabla haijaita vizuri, nikasikia sauti zao zote pamoja: "Haya, mayu, sema." Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri, ya kiongozi. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Si kilio cha adabu. Nililia kwa kelele, na kila nilipojaribu kusema amekubali, kikatoka kilio kingine.

Upande wa pili wakaacha kusukumana.

"Basi, mayu," mmoja akasema taratibu. "Basi. Usilie ugenini."

Mwingine akasema tutalima dengu, mwaka huu dengu zina bei. Mwingine akasema mitambo ni mbao tu, na mbao hazijaisha duniani. Aliyekuwa na mtoto mchanga, nilimsikia mtoto akigugumia, akasema wao wanachotaka ni mimi nirudi mzima. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Hakuna aliyeuliza nilikosea wapi. Wale ndio waliokuwa wanapoteza kila kitu, na walikuwa wananibembeleza mimi, mwenye mnunuzi ameketi pale nyuma yangu. Nilitaka niwaambie, na kwa jinsi nilivyowapenda saa ile sikuweza. Nikalia zaidi, nao wakazidi kunituliza.

Shangazi akaninyang'anya simu. Hakuanza na salamu. Alipiga kigelegele ndani ya simu ile hadi bata wakaruka kutoka majini.

Ikaja sauti moja, ndogo, ya mtu anayeogopa kusikia:

"Shangazi? Tumepata?"

"Tumepata," shangazi akasema. "Huyu mwacheni alie."